Nyumba ya Kwanza Kando ya Korongo

Kimara, jioni ya kuamkia safari yako

Nyemo mwanangu,

Salamu sina haja ya kukuandikia, maana tumeshinda pamoja na sauti yako bado imo humu ndani. Umekwenda Temeke kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hamwachi mtu mpaka amemlisha mara mbili, kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko uani na redio yake. Mimi nimekaa kwenye meza ileile uliyotandazia mchoro wako mchana.

Nimeshtuka, mama. Nakwambia mapema ili usihangaike kujiuliza kwa nini niliinuka mezani na sahani ya wali ambayo sijaimaliza, nikaenda kusimama jikoni kama mtu aliyesahau alichokifuata. Ukaniita, "Mama, mbona umenyamaza?" Nikasema moshi umeniingia machoni, na jiko lilikuwa limezimika tangu saa nzima.

Ilikuwa hivi. Ulirudi kutoka ofisini na furaha yako, kwamba kati ya makorongo yote mtakayoyachunguza huko Ugogo, la kwanza ni lile la kijijini kwa Bibi. "Serikali inanilipa nauli nikamsalimie Bibi yangu," ulisema, tukacheka. Baba yako akakwambia umwombe Bibi asikutoze kodi ya chumba. Kisha ukasogeza sahani, ukatandaza karatasi, ukaanza kutufundisha. Nilikutazama nikajisikia fahari. Nimefundisha watu wazima kusoma miaka yote hii, sikuwahi kudhani mtoto wangu angekuja kunisomesha mto wa kwetu.

"Huu ndio mfereji waliouchimba wanakijiji," ulisema. "Mwanzo ulikuwa kimo cha goti, sasa mtu akisimama ndani haonekani. Kila mafuriko unakula ardhi, unazifuata nyumba." Ukatuonyesha njia tatu mnazotakiwa kuzipima. Ya kwanza, kuujenga mfereji kwa zege, maji yapite moja kwa moja. Ya pili, kuinua tuta upande wa kijiji. Ya tatu, kuuziba mfereji kwa kuta fupi za mawe, kupanda nyasi na mkonge kingoni, na kuuacha mto utapakae kama zamani. "Mie naona hii ya tatu, Mama. Mto utabaki mto. Ila nyumba za mstari wa chini itabidi zihame." Penseli yako ikapita juu ya vile visanduku vyenye namba, ikasimama kwenye kile cha kwanza, pale korongo linapopinda. "Hii ndiyo itaanza."

Ile ni nyumba ya Bibi yako.

Hukuitambua, na sikulaumu. Kwenye karatasi nyumba zote ni visanduku, na mara ya mwisho kufika kule ulikuwa msichana wa kucheza rede. Mimi niliitambua papo hapo kwa sababu siku mstari ule unapimwa nilikuwa nimeshika ncha ya kamba, na niliishika pale pale ilipogota penseli yako.

Lakini huo ni mshtuko mmoja. Wa pili ndio ulionitoa mezani. Kabla hujainua penseli, maneno yalikuwa yamekwisha kunijia ulimini: "Wekeni tuta tu, mwanangu." Nilikaribia kuyasema. Mimi ninayejua tuta litafanya nini pale, mimi niliyeona kwa macho yangu mto ule ukichezewa, nilitaka kukuomba uandike uongo kwenye kazi yako ya kwanza ili mama yangu asiguswe. Nilijishtukia. Nikabeba sahani yangu nikatoka.

Kwa hiyo sitakuandikia habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala kutokukaa dirishani kwenye garimoshi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukiumwa. Nataka kukuandikia ya korongo lile, kwa sababu nimekusimulia vipande vipande tu, tena vile vya kuchekesha.

Sisi kule tulikuwa hatuna mto wenye maji. Tulikuwa na mto wenye mchanga. Karibu mwaka mzima ungelipita korongo lile kwa miguu mikavu usijue kwamba unatembea juu ya maji. Maji yalikuwa chini, mchanga umeyakinga na jua. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake, limezungushiwa miiba, na shimo la Bibi yako lilikuwa pale korongo linapopinda, lenye maji matamu kuliko yote. Mvua za mbali zikinyesha, korongo linashuka siku moja au mbili kwa kelele, linajaza mashimo yote mchanga mpya, linakwenda zake. Kisha wanawake wanachimba upya. Kwetu maji ya kwanza ya shimo jipya hayakunywewa na mwenye shimo, yalipelekwa kwa jirani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukarimu. Nadhani ilikuwa pia namna ya kuhakikisha kila mtu anajua shimo la mwenzake limefikia wapi.

Kazi ile ya kuchimba ilituchosha, nakwambia kweli. Mgongo wa Bibi yako uliopinda haukupindwa na umri. Usije ukafika kule ukadhani watu waliupenda mto ule kama watu wa vitabuni wanavyopenda mito. Waliutukana kila mwaka.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa hapa, nafundisha kisomo cha watu wazima Manzese. Wewe ulibaki na baba yako na shangazi. Serikali ilitafuta walimu wanaojua Kigogo wakasaidie kuvianzisha vijiji hivyo, ikanipata. Nilikwenda kwa moyo mmoja, Nyemo, usisikilize anayekwambia tulilazimishwa sote. Niliamini. Niliona shule, zahanati, bomba, na mama yangu akijua kuandika jina lake. Hata leo siyaonei haya niliyoyatamani.

Eneo lililochaguliwa lilikuwa bonde tambarare kando ya korongo, udongo mweusi laini, hakuna kichaka wala jiwe. Tulifurahi. Vigingi vilizama kama kisu kwenye siagi. Sote tuliokuwa pale tulikuwa wenyeji, tena wengine watu wazima kuliko mimi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ardhi nzuri namna ile haikuwa na hata gofu moja la tembe la zamani. Tembe zote za babu zetu, zile za paa bapa la udongo, zilikuwa juu, mlimani kwenye mawe, mbali na maji. Tulikuwa tukizipita kila siku kwenda kupima mistari. Tulidhani wazee walikaa kule kwa kuogopa vita. Ndivyo tulivyoelezana, tukaridhika.

Bibi yako alikuwa mmoja wa wale wa mlimani. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, sikutaka aambiwe na mwenyekiti.

"Kule chini kuna nini?" aliniuliza.

"Utakuwa karibu na zahanati, Mama. Na shimo lako liko pale pale, hutapanda tena mlima na kibuyu kichwani."

"Na baba yako?"

Alimaanisha kaburi la babu yako, lililokuwa mbele ya mlango wa tembe yake. Nikasema, "Baba hahitaji kuhama." Nilidhani nimesema jambo la busara. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya. Kama ni wewe unayesema." Akaanza kukunja ngozi yake ya kulalia. Mazungumzo yale hayakuchukua hata muda wa kupika ugali. Nilirudi kwa wenzangu nikiwaambia kwa majivuno kwamba mama yangu ni mtu mwelewa.

Nyumba zote zilijengwa zikitazama barabara. Ndivyo mstari ulivyotaka. Yake ikawa ya kwanza, kwa heshima, kwa kuwa ni mama wa mwalimu.

Masika ya kwanza nilikuwa darasani. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Naandika ubaoni, nikaona mama mmoja wa nyuma ameinua miguu yote miwili juu ya benchi. Nikadhani nyoka. Kisha nikahisi ubaridi kwenye vidole vyangu mwenyewe. Maji yalikuwa yameingia kimya kimya, ya rangi ya chai, yanachungulia kila pembe ya darasa kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Tulitazamana. Sijui kama nitaweza kukueleza mshtuko wa kufurikiwa chini ya jua kali. Mtu anaangalia juu kutafuta wa kumlaumu, haoni kitu. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbali tusikokuona.

Maji yale ya kwanza hayakuua mtu. Yalibeba majivu ya jikoni, kuku, magunia ya mtama. Yalisimama kijijini siku nzima kisha yakanywewa na ardhi. Bibi yako nilimkuta amekaa juu ya kinu chake, nguo ameikunja magotini. Akaniambia, "Mwalimu, mto umekuja kisomo." Mpaka leo hunitania kwa neno hilo, na mimi hucheka, lakini siku ile sikucheka.

Ndipo tukachimba mfereji. Kamati ilikaa, ikaamua kukata korongo moja kwa moja ili maji yasipinde kuja kwetu. Kazi ya kujitolea, majembe na nyimbo. Na nataka ujue aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bibi yako. Alifurahi kwa sababu mbili: nyumba yake itapona, na shimo lake halitajazwa mchanga tena kila mwaka. Wanawake wote walifurahia hilo la pili kuliko la kwanza. Waliona wamepata pumziko la mgongo. Kwa hiyo usimtafute mjinga mmoja wa kumlaumu huko, wala mjuzi mmoja aliyetuonya tukampuuza. Hakuwepo. Tulikosea sote kwa pamoja, kwa furaha, na chakula kikapikwa.

Mafuriko yaliyofuata yalipita mbio kwenye mfereji wetu kama gari la mjini. Tulisimama kando tukapiga vigelegele. Mkamia maji hayanywi, wahenga walisema, lakini nani anakumbuka methali akiwa anacheza ngoma? Wa kijiji cha chini ndio waliokumbuka, maana maji yale tuliyoyaharakisha yaliwafikia yote kwa mkupuo.

Kiangazi chake nilikupeleka kumwona Bibi. Hili ulikuwepo, sijui kama unalikumbuka. Alishuka shimoni na jembe, wewe ukakaa ukingoni na kibuyu. Alichimba, akachimba. Tulisikia jembe likilia kama kengele. Mwamba. Maji yaendayo mbio yalikuwa yameuchukua mchanga wetu wote, na ule mchanga ndio uliokuwa pipa letu. Tulikuwa hatujui. Watu waliochota maji mchangani tangu utoto, tulikuwa hatujui kwamba mafuriko tuliyoyatukana ndiyo yaliyokuwa yakilijaza pipa. Bibi alipanda akakupokonya kibuyu, akakigeuza juu chini, akakitikisa, kama vile pengine maji yangekuwa yameanzia humo. Uso wake siku ile sijauona tena kwa mtu yeyote. Miaka michache baadaye migunga ya kingoni, iliyowalisha mbuzi maganda yake wakati wa njaa, ikaanza kukauka kuanzia juu.

Sasa umeelewa kwa nini nilishtuka kujisikia nataka kusema "tuta". Tuta nalijua hata kabla halijajengwa. Watu watalala usingizi mzito nyuma yake kuliko wanavyostahili, watajenga mpaka miguuni pake, na siku likitoboka litawamwagia yote kwa pamoja. Na mchanga hautarudi. Zege ndilo litakalopendwa na wakubwa, kwa sababu linapigika picha, nalo ni mfereji wetu uleule uliovalishwa suti. Njia yako ya tatu ndiyo pekee inayoupa mto nafasi ya kuweka mzigo wake chini. Mimi si fundi, naweza kukosea. Ndiyo maana umesomeshwa. Pima zote tatu kwa haki, pima na ya kwangu hii, na hesabu ikikataa, ikatae.

Nilimwita baba yako nikamwonyesha kisanduku kile cha kwanza, maana umeuacha mchoro mezani. Alizima redio. Akasema, "Mama Nyemo, mwambie mtoto nyumba ni ya nani. Usimwambie achague nini." Nimejaribu kufuata. Damu ni nzito kuliko maji, ndivyo tunavyosema siku zote, lakini huko uendako watu wengi wana damu, na maji ni ya wote.

Sasa nisikilize hili moja, ndilo lililonikalisha hapa.

Mimi siogopi kwamba Bibi atakataa kuhama. Naogopa atakubali. Atakubali kabla hujamaliza sentensi. Utasema, "Bibi, kuna jambo," naye atasema, "Haya. Kama ni wewe unayesema," na ataanza kukunja vitu vyake, mzee wa miaka ile, mara ya pili, kwa neno la damu yake mwenyewe. Wenzako watakupongeza. Utaandika kwamba wakazi wameafiki. Mama yangu hajawahi kuafiki kitu. Alinipenda tu, na mimi nikauchukua upendo ule nikaupeleka kwenye mkutano kama kura. Hilo ndilo kosa langu, Nyemo. Mistari tuliipima wengi, lakini ile "haya" niliichukua peke yangu.

Akikubali haraka, usimshukuru. Usimtajie zahanati. Usimtajie hata mchanga na maji yatakayorudi, ingawa ni kweli, maana na mimi niliyomtajia yalikuwa kweli. Kaa naye siku kadhaa. Mwache akuulize maswali ambayo mimi sikungojea. Akikasirika, mwache akasirike, ana deni lake la hasira la miaka mingi na anayestahili kulipokea ni mimi, lakini wewe utakuwa karibu. Na kama baada ya yote atasema hapana, iandike hapana yake kwenye karatasi ya serikali, kwa wino uleule wa vipimo. Wewe na wenzako muamue mkiwa mnaiona.

Kuna kitu cha mwisho, na huwezi kukiona kwenye mchoro. Mwaka ule wa mwamba, tulipoondoka, nilizunguka nyuma ya nyumba yake kumuaga mbuzi niliyekuwa nimemnunulia. Nikakuta ukuta umetobolewa. Alikuwa ameukata mwenyewe kwa jembe, akautia kizingiti cha mti, akauziba kwa mkeka. Mlango wa pili, unaotazama mlimani, kwenye tembe ya zamani na kaburi la babu yako. Mlango wetu wa barabarani alikuwa ameuegemezea magunia kwa ndani. Sikumuuliza. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza. Anaingia na kutoka kwa nyuma, na mgeni akija mbele, yeye humzungukia kwa nje.

Kama atahama, muulize kwanza mlango atautazamisha wapi, ndipo mpime kamba.

Nasikia Baba yako amewasha tena redio, na wewe hujarudi. Barua hii nitaiweka katikati ya khanga nilizokufungia, utaikuta ukishafika, nisije nikakuona ukiisoma nikaanza kujieleza. Nenda salama, mama yangu mdogo. Mimi na baba yako tupo.

Ukifika kwa Bibi usiende mbele. Zunguka, upige hodi kwa nyuma.

Mama yako